Moshi wa zebaki unaenda wapi

Jamani hii kitu nimekaa nayo moyoni kama wiki tatu, nikasema leo naiandika tu, itakuwa ndefu mnivumilie.

Mnaonifuatilia mnajua nipo Montreal, jimbo la Quebec huku Kanada, nafanya usafi kwenye nyumba moja wanayofikia wagonjwa wanaoletwa kutoka kaskazini kabisa, Nunavik, kule kwa Wainuiti, watu wa asili wa huko. Ni vijiji 14 vimekaa pwani, Hudson Bay na Ungava Bay, na hamna barabara hata moja inayotoka huko kuja kusini, ni ndege tu, na meli za mizigo kipindi cha kiangazi barafu ikishayeyuka. Kwahiyo mama mjamzito mwenye shida kubwa anapandishwa ndege anakuja kusubiri huku mjini, anaweza kukaa wiki na wiki, mume kule, watoto kule, yeye anatazama magari dirishani.

Sasa kuna dada mmoja alikuwa na mimba kubwa, kaletewa boksi na mtu aliyekuja na ndege, mama yake kamtumia. Ndani samaki aina ya char amegandishwa, na mattaaq, yaani ngozi ya nyangumi mweupe yule beluga pamoja na mafuta yake, wanakula mbichi. Nimemkuta anakata vipande vidogo vidogo kwa ulu, kile kisu chao cha nusu mwezi, na uso wake siku hiyo ulikuwa umechangamka kuliko siku zote nilizomwona, unajua vile mtu uko ugenini af unaletewa dagaa wa kwenu. Akaniuliza we una watoto? Nikamwambia wawili. Akakaa kimya kidogo, akaniuliza, na nyie huko kwenu mnaambiwaga msile chakula cha mama zenu?

Nilikosa jibu. Nikamwuliza kwani nani kakwambia usile, akasema wanaambiwa toka yeye yuko mtoto, mara beluga ana zebaki, mara mafuta yana kemikali, mara kuleni ni chakula kizuri, mpaka mama yake ikafika mahali haelewi ampe nini binti yake mwenye mimba.

Nilivyosikia zebaki nikashtuka. Mi nimezaliwa Nyarugusu, Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Zebaki naijua kwa mikono.

Nikaanza kusoma usiku baada ya watoto kulala. Na nlichokikuta ni hiki. Katikati ya miaka ya 1980 kulikuwa na daktari mmoja wa Quebec, Éric Dewailly, alikuwa anapima kemikali kwenye maziwa ya akina mama wa kusini huku kwenye viwanda, akataka maziwa masafi ya kulinganishia, akasema sasa wapi nitapata mama anayeishi mbali na kila uchafu, si kule kwa Wainuiti, hamna kiwanda, hamna mashamba ya kupigwa dawa, ni barafu na bahari. Wakachukua maziwa ya akina mama wa Nunavik wakapima. Yale ambayo yalikuwa yawe masafi ndo yakakutwa na kemikali zinaitwa PCB karibu mara 5 ya yale ya mjini. Utafiti ukatoka mwaka 1989.

Hebu fikiria wewe ndo huyo mama. Umemshika mtoto kifuani, mtu anakuja anakwambia maziwa yako yana mafuta ya transfoma. Maana PCB ndo hizo, kemikali zilizokuwa zinawekwa kwenye transfoma na vifaa vya umeme toka mwaka 1929, Marekani walikuja kupiga marufuku mwaka 1979. Na kijijini kwako hamna kiwanda hata kimoja cha kuzitengeneza.

Zimefikaje? Hapa ndo pananiuma. Kemikali za aina hii kwenye joto zinapanda hewani kama mvuke, upepo unazibeba, zikifika kwenye ubaridi zinatua, kukipata joto zinaruka tena, zinatua mbele, zinaruka, wenyewe wanaita mruko wa panzi. Panzi huyo akifika kwenye barafu ndo basi, haruki tena, ubaridi umemshika. Kwahiyo dunia nzima inapika na kule ndo masizi yanapogandia. Alafu zikiingia baharini zinaliwa na vile viumbe vidogo kabisa, samaki mdogo anakula vile viumbe, samaki mkubwa anamla mdogo, sili anamla samaki, na kila anayekula anarithi deni la wote walioliwa kabla yake, mpaka linafika kwa nyangumi na dubu mweupe, na wa mwisho kwenye huo mstari sio dubu, ni mtu. Na akina baba mnisamehe lakini wa mwisho kabisa sio mwanaume, ni mtoto aliye tumboni, maana kuna damu inayopita kwenye kondo la nyuma, na baada ya hapo kuna ziwa la mama analonyonya.

Zebaki yenyewe ina njia yake tofauti kidogo. Ile ya hewani ikitua kwenye maji kuna bakteria wanaigeuza inakuwa methilizebaki, hiyo ndo mbaya, inaingia kwenye samaki na inakaa kwenye nyama, haikai kwenye mafuta kama PCB. Ndo maana beluga nyama yake, hasa ile wanayokausha, ndo chanzo kikubwa cha zebaki kwa watu wa Nunavik, wakati mafuta ndo yanabeba PCB. Na methilizebaki inavuka kondo la nyuma bila hodi, yani damu ya kitovu cha mtoto unaikuta na zebaki nyingi kuliko damu ya mama mwenyewe. Niliposoma hapo nikafunga laptop nikaenda kuwaangalia wanangu walivyolala.

Kuna timu ya watafiti, Gina Muckle wa Chuo Kikuu cha Laval, na mtu na mkewe Joseph na Sandra Jacobson kutoka Detroit ambao walishawahi kufuatilia watoto wa akina mama waliokula samaki wa Ziwa Michigan, pamoja na huyo Dewailly na wenzao, kuanzia miaka ya 1990 wakawafuatilia watoto wa Nunavik toka damu ya kitovu. Nataka niwaelezee walivyowapima maana wengi tunasikia utafiti utafiti hatujui mtoto wa miezi 6 unampimaje akili.

Wanamwonyesha mtoto picha ya sura, anaitazama mpaka anaizoea, alafu wanamwekea ileile pamoja na mpya. Mtoto kwa kawaida anakaza macho kwenye mpya, ile ya zamani ameshaijua, si unawajua watoto. Akiwa haoni tofauti maana yake ile ya kwanza haikukaa kichwani. Kingine, wanaficha kidoli chini ya kitambaa huku kulia, mtoto anakitafuta anakipata, wanaficha tena anapata, alafu anavyoangalia hivihivi wanakificha kushoto. Mtoto anatakiwa ashike kichwani kwamba kimehama, na ajizuie asipeleke mkono kulekule alikozoea. Mi hiyo nimeijaribu na mwanangu wa mwisho kwa funguo bila kujua kama ni kipimo, nadhani kila mama ameshafanya.

Basi wakawapima watoto 94, wakiwa na miezi 6 na nusu na tena miezi 11. Matokeo yakatoka mwaka 2014 na kilichonishangaza kila sumu ilikuwa na mahali pake pa kugusa. Waliokuwa na PCB nyingi toka tumboni walikuwa dhaifu zaidi kwenye kile cha picha, kutambua walichokwisha kukiona. Waliokuwa na zebaki nyingi wakawa wanashindwa zaidi kile cha kidoli kuhama. Na madini ya risasi yaliendana na kuchelewa, mtoto anakodolea picha muda mrefu ndo anaielewa.

Sasa risasi. Kiswahili chetu kina neno moja, risasi ya bunduki na risasi ya madini, na kule Nunavik kweli ilikuwa ni kitu kimoja, maana chanzo kikubwa kilikuwa vile vijipunje vya kwenye bunduki za kuwindia bata na bata bukini, vinabaki kwenye nyama, mama anakula. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakazuia vijipunje vya risasi na kiwango kwenye damu za vitovu kikashuka. Hilo moja nimelipenda sana kwasababu linaonyesha kitu kilichokuwa mikononi mwa wawindaji wenyewe walikiondoa, wakabadilisha punje za bunduki wakaendelea kula ndege wao. PCB na zebaki mwindaji atabadilisha nini?

Wale watoto walipofika shule, umri wa miaka 11 hivi, wakapimwa tena, karibu 300, na zebaki ya tumboni ilikuwa bado inaonekana, kwenye alama za vipimo vya akili na kwenye kutulia darasani. Ila niseme wazi hapa maana nawajua watu wangu mtasoma mstari huu mkakimbilia kusema watoto wa Wainuiti hawana akili. Hapana jamani. Tunaongelea tofauti ndogo unayoiona ukiweka mamia ya watoto pamoja, humwangalii mtoto mmoja usoni ukaijua. Yule dada wa boksi mtoto wake mkubwa anaongea Kiinuktituti, Kiingereza na Kifaransa na ana miaka tisa.

Na kuna upande wa pili ambao ndo unafanya hili jambo liwe zito. Kwenye haohao watoto waliangalia pia DHA, yale mafuta mazuri ya samaki, omega 3. Watoto 109, matokeo mwaka 2008. Waliokuwa na DHA nyingi kwenye damu ya kitovu walikaa tumboni muda mrefu zaidi, waliona vizuri zaidi, na walifanya vizuri kwenye kilekile cha picha na vipimo vya miezi 11. Kwahiyo kitovu kimoja, chakula kimoja, kinaleta dawa na sumu siku moja. Utamwambia nini huyo mama? Aache? Ale nini? Dukani kule kila kitu kimekuja na ndege, bei zake ukiziona unaweza kulia, na cha bei nafuu ndo soda na chipsi za paketi. Char na sili na ngozi ya beluga ndo protini, ndo vitamini, ndo chuma, na ndo mume kutoka kwenda kuwinda na kijana kujifunza na bibi kugawa vipande kwa majirani. Ukimwambia aache hujamwondolea sumu tu.

Visiwa vya Faroe, kule Ulaya kaskazini, walikula nyangumi hivyohivyo, watafiti wakafuatilia watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1986 na 1987, wakakuta zebaki inagusa lugha, umakini na kumbukumbu. Lakini Shelisheli, jirani zetu hapa Bahari ya Hindi, mama anakula samaki karibu kila siku, wakafuatilia miaka na miaka, hawakuona madhara ya wazi. Kwahiyo wajawazito wa Mtwara na Lamu mnaonisoma, kuleni samaki wenu, tena dagaa na vibua ndo salama maana ni wadogo, hawajarithi madeni. Papa na nduaro wale wakubwa wakubwa ndo mpunguze.

Nunavik nao walifika hapohapo. Mwaka 2011 bodi yao ya afya ilitangaza kwamba wanawake wa umri wa kuzaa wapunguze nyama ya beluga, ila waendelee na vyakula vya asili vingine, char hasa, na waendelee kunyonyesha. Nimemwonyesha yule dada kwenye simu, akasema ndio anajua, ndo maana mama yake kamtumia char nyingi na mattaaq kidogo. Kumbe walishapanga. Nikajua kule wanazungumza haya mambo jikoni miaka mingi kabla mi sijaanza kusoma.

Sasa njoo Nairobi. Januari 1999, wajumbe wa nchi mbalimbali wamekutana pale makao ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kujadili mkataba wa kuzuia hizi kemikali zisizooza, kikao cha pili. Kulikuwa na mama mmoja Mwinuiti, Sheila Watt-Cloutier, mzaliwa wa Kuujjuaq, hukohuko Nunavik, anawakilisha watu wake. Kalibeba sanamu la jiwe, mama wa Kiinuiti na mtoto, akamkabidhi mkuu wa UNEP Klaus Töpfer, na likawa linawekwa meza kuu vikao vilivyofuata mpaka mkataba ukakamilika, wajumbe wabishane huku yule mama wa jiwe anawatazama.

Na kwenye orodha ya kuzuiwa ilikuwepo DDT. Hapo ndo sisi tunaingia, maana DDT kwetu ni dawa ya mbu, kuna nchi zilikuwa zinaitegemea kupuliza kwenye kuta za nyumba ili watoto wasife na malaria. Ikaanza kuonekana kama ni mama wa kaskazini dhidi ya mama wa Afrika, chagua mmoja. Sheila alikataa kuwekwa hapo. Alichosimamia ni kwamba mama wa Aktiki, kule kaskazini kwenye barafu, asiogope maziwa yake, na mama wa nchi kama zetu naye asilazimike kutumia kemikali hizohizo ndo amlinde mwanae na malaria, na kwamba wao hawatakuwa sehemu ya mkataba unaowaumiza akina mama wengine. Mkataba ukapitishwa Stockholm mwaka 2001, ukaanza kazi 2004, ulianza na kemikali 12, na DDT ikaachiwa mlango wa kupambana na mbu mpaka ipatikane njia nyingine. Utangulizi wake unawataja watu wa asili wa Aktiki.

Mi nimesoma hiyo habari nikalia. Mimi nimeugua malaria utotoni mara sijui ngapi. Kuna mwanamke mwenye sumu kwenye maziwa ya watu wake alikuja mpaka Nairobi, akajua kuna mtoto kama mimi, akanihesabu. Na mimi mpaka mwezi uliopita sikujua kuna mtu anaitwa Mwinuiti zaidi ya kumtandikia kitanda.

PCB kwa akina mama wa Nunavik zimeshuka sana toka miaka ya 1990, mkataba na marufuku zimefanya kazi, hilo ni la kushangilia kabisa. Zebaki imeshuka pia ila bado iko juu kuliko huku kusini. Na kuna kemikali mpya, zile PFAS za kuzuia mafuta na maji zisishike kwenye vitambaa na makaratasi ya chakula, baadhi yake kwa wajawazito wa kule zilikuwa zinapanda wakati za zamani zinashuka.

Na zebaki ndo inanirudisha nyumbani. Kwenye dunia nzima shughuli za binadamu zinazorusha zebaki hewani, inayoongoza sio makaa ya mawe, hayo ni ya pili. Ya kwanza ni wachimbaji wadogo wa dhahabu. Sisi. Nyarugusu, Chunya, Kahama, Migori kule Kenya, na wenzetu wa Amerika Kusini na Asia. Mvuke wa zebaki ukishapanda unaweza kukaa hewani miezi mingi, unazunguka dunia kabla haujashuka.

Mama yangu alikuwa anachoma nyumbani. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, mchanga umeoshwa kwenye mwalo, unaweka zebaki unakanda kwa mikono kama unga, inashika dhahabu, unakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kile kidonge mama alikuwa anakiweka kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, jikoni kwetu, jioni ili watu wasione, na sisi tumekaa pale tunasubiri kigeuke njano maana kikigeuka njano kesho kuna unga na daftari. Alifanya hivyo akiwa na mimba ya mdogo wangu anayenifuata. Hakuna aliyemwambia. Moshi ulikuwa unatoka kwenye upenyo wa bati na sisi tunajua umeisha.

Nilimpigia Jumapili. Nikamweleza yote, yule dada, boksi, nyangumi, kitovu. Mama aliuliza mara mbili, kwahiyo ule moshi haukuisha? Nikamwambia hewani hamna alama mama, hakuna mtu anaweza kusema hii ni ya Geita hii ni ya Peru, ila hapana, haukuisha. Akauliza, na huyo binti kajifungua? Nikasema bado. Akasema ukimwona mwambie hatukujua. Mwambie hivyo hivyo.

Mkataba wa Minamata wa zebaki upo, ulipitishwa 2013 ukaanza kazi 2017, na Tanzania ni mwanachama, kuchoma kienyeji ndani ya makazi ni mojawapo ya mambo ambayo nchi zinatakiwa zikomeshe. Lakini dada yangu yuko mwaloni mpaka leo na anachoma wazi, sio kwasababu ni mbaya, ana watoto wanne. Kuna kifaa kinaitwa ritoti, ni chombo cha chuma unafunga, kina bomba, mvuke unapoa unarudi kuwa zebaki unaikinga kwenye maji unaitumia tena, hauvuti wewe na haupandi juu. Nilimwambia miaka miwili iliyopita akasema inachelewesha, na wanunuzi wanataka waone inachomwa mbele yao. Safari hii sikumwambia habari ya afya yake. Nilimtumia picha ya mikono ya yule dada, aliniruhusu, mikono tu, imeshika ulu na kipande cha mattaaq, na nikamwandikia huyu ni mjamzito anakula hiki, na moshi wako unapanda unakwenda upande huu.

Alikaa siku nzima hajajibu. Jana usiku akaandika, fundi wa pale senta anasema anaweza kuichomelea kwa bomba la chuma, nitumie vipimo vyake.

Yule dada amejifungua juzi alfajiri, wa kike. Nilipoingia kubadilisha mashuka nikamwambia maneno ya mama. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamgeuza mtoto nimwone uso.